Mgeni na Mizani
Mahubiri kwa wafanyabiashara wa Nyamakima, Luthuli, Kangemi na Kawangware

Somo letu limo katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, mstari wa 33 hadi wa 36. Lifungueni wenyewe mkifika nyumbani. Mistari miwili ya kwanza inamhusu mgeni: asionewe, ahesabiwe sawa na mzalia, apendwe, kwa kuwa Waisraeli nao waliwahi kuwa wageni katika nchi ya Misri. Wahubiri wengi huishia hapo, sadaka ikazungushwa, watu wakaenda kula. Lakini endelea kusoma. Mistari inayofuata inaingia sokoni moja kwa moja: mizani, mawe ya kupimia, efa ya nafaka, hini ya mafuta. Kwa nini mgeni na mizani wamewekwa bega kwa bega? Nimelitafakari swali hili mara nyingi nikishuka River Road, na jibu nililolipata halinipendezi hata mimi. Anayemfukuza mgeni na anayepunja kilo wanatafuta kitu kimoja: faida ambayo kipimo cha haki kisingewapa.

Twendeni Kangemi kwanza, pale sokoni kando ya Waiyaki Way. Mnaijua gorogoro, lile kopo la kilo mbili ambalo zamani lilikuwa la mafuta ya kupikia na sasa ndilo hakimu wa mahindi na maharagwe. Ishike mkononi uipindue. Kuna zile ambazo vitako vyake vimegongwa kwa nyundo vikabonyea ndani. Muuzaji anajaza, anarundika juu mpaka punje zinamwagika, mteja anashukuru kwa ukarimu, na konzi nzima ya mahindi imebaki kwenye gunia. Mteja ameuona mlima. Bonde liko chini, nalo halionekani mpaka uipindue.

Marufuku nyingi za biashara zimegongwa namna hiyo. Juu umerundikwa uzalendo: tulinde watu wetu, tulinde mkulima wetu, wageni watoke. Chini kuna bonde, na katika bonde hilo kuna unga wa mama wa Kawangware, kuna mkopo wa kijana wa Luthuli Avenue, na kuna mtu mmoja mwenye kibali ambaye jina lake hutalisikia mkutanoni. Leo nataka tuipindue gorogoro hii.

Mnakumbuka Juni 2019. Aliyekuwa mbunge wa Starehe wakati huo, Charles Njagua, ambaye wengi mnamjua kwa jina lake la muziki, Jaguar, alirekodiwa akiwapa saa 24 wageni wanaofanya biashara katika masoko ya Nairobi. Wasipoondoka, alisema, watatolewa madukani kwa nguvu na kupigwa. Hakuwataja Wachina na Wapakistani peke yao. Watanzania na Waganda walikuwa kwenye orodha. Haikuchukua siku mbili, maneno hayo yakawa yamefika Dodoma. Wabunge wa Tanzania waliuliza usalama wa ndugu zao, balozi wetu kule akaitwa kutoa maelezo, serikali ya Kenya ikajitenga naye, na polisi wakamkamata nje ya Bunge.

Msiniambie hamkushangilia. Video ile ilizunguka simu kwa simu kutoka Muthurwa hadi Uthiru, na kila ilipofika ilipata kicheko na kidole gumba. Mwanasiasa hakuwa mwendawazimu. Alikuwa muuzaji mzuri, amepima soko lake vizuri, akajua bidhaa gani inatoka haraka.

Halafu ikaja 2023. Duka kubwa la China Square lilifunguliwa Januari katika jengo la Unicity, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, likauza vyombo, taa na vifaa vya nyumbani kwa bei ambayo wenye maduka ya jumla hapa mjini hawakuweza kuifikia. Mwisho wa Februari wafanyabiashara wa Nyamakima waliandamana katikati ya jiji, mabango juu, wakitaka Wachina waondoke. Waziri wa Biashara wa wakati huo, Moses Kuria, alikuwa tayari ameandika mtandaoni kwamba anataka kuununua mkataba wa upangaji wa duka lile na kuwapa wafanyabiashara wa Gikomba, Nyamakima, Muthurwa na Eastleigh. Wachina waje kujenga viwanda, alisema, wasije kuuza rejareja. Katika serikali hiyo hiyo, Katibu wa Mambo ya Nje, Korir Sing'oei, alikuwa akiwahakikishia wawekezaji wa kila taifa kwamba wanakaribishwa Kenya. Duka lilifungwa kwa muda, kisha likafungua milango yake tena. Ahadi ya kununua mkataba ilipeperuka na ule upepo ulioileta.

Sasa nauliza swali ambalo halikuandikwa kwenye bango lolote siku ile. Sufuria iliyouzwa China Square ilitoka wapi? Guangzhou, Yiwu, huko. Na sufuria iliyo kwenye rafu yako, ndugu yangu wa Nyamakima, ilitoka wapi? Ilipanda meli kutoka nchi ile ile, ikashuka Mombasa, ikaletwa hadi bohari ya makontena ya Embakasi. Wewe si mfua sufuria aliyevamiwa na wafua sufuria wa kigeni. Wewe ni mwagizaji aliyerukwa. Maumivu ya kurukwa nayajua na siyadharau, ila tusiyavalishe bendera.

Na kuna jambo zaidi. Mwaka 2018, serikali ilipokuwa ikisaka magendo na bidhaa bandia, ni makontena ya nani yaliyokwama? Yenu. Mizigo ililala, riba za mikopo zikapanda, wengine wakauza magari ili wale. Mliandamana mkitaka milango ifunguliwe, na mlikuwa na haki. Ilipofika 2023 mkawa kwenye barabara zile zile mkitaka milango ifungwe. Ndugu zangu, mlango ni mmoja. Aliyepewa ufunguo wa kumfungia Mchina amepewa ufunguo wa kukufungia wewe, na hatauliza bango lako lilisema nini.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana naona nyuso zimekunjamana. Mtasema mhubiri huyu anawatetea matajiri wa Beijing. Sivyo. Mwenye kibanda cha mita mbili katika jengo la eksibisheni hapa mjini analipa kodi ya pango, na kabla ya kodi alitozwa gudwili, ada ya kuingilia ambayo haina risiti. Kanjo wanamtembelea. Mkopo wa benki unamla. Halafu anakuja mtu anayenunua kiwandani kwa mkopo wa miezi, anayeweza kuuza kwa hasara mwaka mzima hadi jirani afe. Hilo ni lalamiko la kweli. Lakini tazameni ni nani wametajwa ndani yake: mwenye jengo, askari wa kaunti, benki, na mshindani. Mwanasiasa amewachukua hao wanne akawaficha watatu, akabakiza mmoja, yule asiye na kura.

Kama mgeni anadanganya ushuru, iko Mamlaka ya Mapato. Kama anauza bandia, iko Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Kama anauza kwa hasara ili awaue wengine kisha apandishe bei, iko Mamlaka ya Ushindani. Kama amekuja na viza ya utalii akafungua duka, sheria ya uhamiaji inajulikana: mgeni anayetaka kibali cha biashara cha daraja la G huonyesha mtaji wa dola 100,000. Hivyo ni vipimo. Vina mawe yaliyokatwa sawa kwa kila mtu. Mwenye kosa apimwe humo, awe Mchina au awe mtoto wa Nyeri. Kinachokatazwa na somo letu ni kuwa na jiwe moja la mzalia na jingine la mgeni mfukoni.

Haya, tusafiri. Tarehe 28 Julai 2025, Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia watu wasio raia kufanya aina 15 za biashara: kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu na vifaa vya elektroniki, saluni, kuongoza watalii, kununua mazao shambani kwa mkulima, uchimbaji mdogo wa madini, na nyingine. Faini kwa mgeni si chini ya shilingi za Tanzania milioni 10, au kifungo hadi miezi 6. Raia atakayemsaidia naye ana adhabu yake. Kilio kilichotangulia amri hiyo kilitoka soko la Kariakoo, Dar es Salaam, na kilikuwa kilio kile kile cha Nyamakima, neno kwa neno: Wachina wameshuka hadi kwenye biashara ya rejareja. Lakini amri ikishaandikwa haichagui. Ilimkuta fundi simu Mkenya Arusha. Ilimkuta Mkenya aliyezoea kuvuka Namanga akanunue vitunguu na machungwa shambani kwa mwenye shamba.

Kenya ikapiga kelele. Waziri wa Biashara, Lee Kinyanjui, akakumbusha kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha biashara katika nchi nyingine. Ni kweli, kifungu cha 13 kinasema hivyo. Lakini kifungu hicho kilikuwapo pia Juni 2019, siku ile ya saa 24. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Nilisikia watu kwenye matatu ya Kawangware wakilia kwamba Watanzania wametusaliti, na baadhi yao ndio waliokuwa wamenitumia ile video ya 2019.

Wa Kariakoo watahubiriwa na mhubiri wao. Mimi nimeitwa kwenu. Kwa hiyo nitataja pia yetu.

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka yetu ya kilimo ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Sumu ile ni ya kweli, inaua ini la mtu, na mahindi yenye sumu hayafai kuvuka mpaka wowote. Lakini mahindi yetu wenyewe yamewahi kuua watu wa Ukambani mwaka 2004 kwa sumu hiyo hiyo. Sumu haina uraia. Kama nia ilikuwa afya, ungewekwa mtambo wa kupima pale Namanga na Busia, kila lori lipimwe, la ndani na la nje, safi lipite na chafu lirudi. Badala yake malori yote yakasimama, safi na chafu kwa pamoja. Baada ya siku chache marufuku ikageuzwa kuwa masharti, na Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alipokuja Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza mahindi yaliyokwama yaruhusiwe. Tuseme wewe ni mama wa Kangemi unayenunua unga kila siku mbili kwa sababu huna pesa za wiki nzima. Siku zile, nani alikulipa tofauti ya bei? Jina lake taja.

Mwanzoni mwa 2020 tukayakamata maziwa ya Uganda. Kuku na mayai yao yakapata misukosuko. Desemba 2021 Baraza la Mawaziri la Kampala likachoka, likazungumzia kuzizuia bidhaa zetu kwa kulipiza. Mnajua Uganda ni nani kwetu? Kwa miaka mingi ndiye mteja mkubwa kuliko wote wa bidhaa za Kenya. Sijawahi kuona muuza duka mwenye akili anayemzaba kofi mteja wake mkubwa ili majirani wamwone ni mwanaume, lakini nchi hufanya hivyo na watu hupiga makofi.

Na wenzetu nao. Mwisho wa Oktoba 2017, Tanzania iliwachoma moto vifaranga 6,400 pale Namanga kwa sababu walitoka Kenya. Mwenye vifaranga alikuwa mwanamke Mtanzania. Alikuwa mmoja wa hao hao waliosemekana kulindwa.

Wazee waliopo hapa hawahitaji kuambiwa mambo haya huishia wapi. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka, na mpaka ule haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Miaka 6! Mama wa Taveta na dada yake wa Holili, wanaoweza kuitana kwa sauti, wakageuzwa walanguzi wakipelekeana sabuni. Viongozi wa nchi zote mbili walikuwa na hoja nzuri sana, kila mmoja na zake. Hakuna aliyekosa sabuni Ikulu.

Sasa nawageukia watu wa mitumba, wa Toi na wa vibanda vya Kawangware. Ninyi mnajua uchungu wa kuwa mpira kati ya timu mbili. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki waliazimia kuziondoa nguo za mitumba taratibu ili viwanda vyetu vifufuke. Nia ilikuwa na heshima yake. Waliofanya kazi katika kiwanda cha Kicomi cha Kisumu wanajua nchi hii iliwahi kujifumia nguo. Lakini Marekani kulikuwa na chama cha wakusanyaji na wauzaji wa nguo kuukuu, nao ni watu wa kawaida wenye kura zao na kilio chao cha kulinda kazi. Mwaka 2017 wakaishtaki Afrika Mashariki kwa serikali yao: wakituzuia nguo, wanyang'anywe nafasi ya kuuza bila ushuru chini ya AGOA. Kenya, yenye makumi ya maelfu ya washonaji katika viwanda vinavyouza Marekani, ilirudi nyuma upesi. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilikataa. Ushuru wake ulikuwa umetoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2 na senti 50, ikauacha hapo, na Julai 2018 Rais Trump akaisimamishia nguo zake katika AGOA.

Nasema wazi, Rwanda naiheshimu kwa hilo, hata kama sijui ningefanya nini mahali pake. Iliandika bei yake kwenye karatasi, ikaambiwa gharama, ikalipa. Huo ni uamuzi wa serikali, na mwananchi anaweza kuuhukumu. Hauna uhusiano na mtu anayesimama juu ya gari akifoka.

Sisi tulifanya nini? Ilipofika kampeni za 2022, marehemu Raila Odinga, akizindua ilani yake Juni mwaka huo, aliahidi kufufua viwanda vya nguo na kusema kwamba Wakenya wanavaa nguo za waliokufa huko ng'ambo. Wapinzani wake wakaidaka kauli hiyo hewani, wakazunguka masokoni wakisema mtu huyu anakuja kuwafungia kazi. Nani kati yao aliwaketisha watu wa Toi akawaeleza robota linatozwa ushuru gani, pamba ya Kenya ni kiasi gani, umeme wa kiwanda ni bei gani? Hakuna. Upande mmoja ulimdharau mvaaji, upande wa pili ukamtisha muuzaji, na kura zikahesabiwa. Wewe mwenye kufungua robota alfajiri unajua kupanga: kamera huku, ya kati pale, fagia kule chini. Mbona ahadi za wakubwa unazinunua robota zima bila kulifungua?

Kisha mwalimu mkubwa akaja mwenyewe. Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Trump aliutangazia ulimwengu ushuru mpya, na Kenya ikawekwa kwenye asilimia 10. Wengine walifurahi: afadhali sisi, wengine wamepigwa zaidi. Mnafurahia kuchapwa kidogo? Tarehe 30 Septemba mwaka huo muda wa AGOA, mpango wa tangu 2000, ukaisha bila Bunge lao kuuongeza kwa wakati. Msichana wa Athi River anayeshona mifuko ya suruali za jeans hakuwa amemkosea mtu wa Ohio kitu chochote. Alikuwa mgeni tu, asiye na kura. Mkiuona uchungu wake, basi mmemwona pia kijana wa Burundi anayezunguka na ndoo ya njugu kati ya Kangemi na Westlands, jasho linamtoka, akimkimbia kila mwenye sare.

Wengi wenu mmewahi kukaa saa ya chakula cha mchana pale Jeevanjee Gardens, mkisikiliza wahubiri wenzangu wenye koo kubwa kuliko yangu. Uwanja ule alitupa nani? Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi, aliutoa kwa watu wa Nairobi mwaka 1906. Mgeni! Alileta wafanyakazi wa reli, alianzisha gazeti ambalo leo ni The Standard. Mwaka 1991 wakubwa walipotaka kuijenga bustani ile, aliyeongoza upinzani alikuwa mjukuu wake, Zarina Patel. Kwa hiyo kuna watu wanaosimama juu ya zawadi ya mgeni, na nyasi za mgeni zimewakanda miguu, wakihubiri wageni watoke.

Na tuliwahi kuwatoa. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 iliwazuia wasio raia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara nje ya sehemu fulani za miji. Kila mtu alijua walengwa ni Wahindi. Ilikuwa na sababu zake: mkoloni alikuwa amempangia Mwafrika asilime hata kahawa yake kwa miaka mingi, na dirisha la biashara lilifungwa kwa rangi. Haki ilikuwa inadai kitu. Lakini ulizeni wazee duka lililoachwa lilichukuliwa na nani. Je, lilichukuliwa na hamali aliyekuwa akibeba magunia kwenye mlango wake? Familia zikapanda ndege kwenda London kwa wingi, hadi Uingereza nayo ikaogopa wageni, ikatunga sheria ya kuwafungia mlango Machi 1968. Hofu huvuka bahari bila viza. Miaka minne baadaye Idi Amin akaifanya kazi hiyo Uganda kwa siku 90, bila hata kujisumbua na leseni.

Mtaniuliza: basi hakuna ulinzi wowote ulio mwema? Upo. Mtoto analindwa hadi atembee. Lakini tazameni sukari. Kwa zaidi ya miaka 20 Kenya iliomba soko la pamoja la COMESA, na kuomba tena, iruhusiwe kuizuia sukari ya wenzetu ili viwanda vya magharibi vijipange. Tukanunua sukari ghali, sisi wote, tajiri na maskini kijiko kwa kijiko. Na chini ya ulinzi huo huo Mumias, iliyokuwa fahari ya nchi, ilianguka, ikatiwa chini ya mrasimu mwaka 2019, mkulima akidai pesa za miwa. Ukuta ulimzuia mgeni wa nje. Mwizi alikuwa ndani na alikula kwa utulivu.

Na ukimzoesha mtu kuuliza nani si wa hapa, hataishia kwa Mchina. Kawangware, ninyi mnajua. Oktoba 2017, katika ghasia za uchaguzi, aliyechomewa kibanda hakuwa Mchina, alikuwa Mkenya mwenzenu.

Kwa hiyo nawasihi, na ninasihi kwa nguvu zangu zote, maana uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 na magari yenye vipaza sauti yamekwisha kukarabatiwa. Akija mtu Kangemi akasema atawalinda dhidi ya wageni, msimpigie makofi wala msimzomee. Muulizeni: bidhaa gani? Ushuru asilimia ngapi? Miaka mingapi? Kitakachopungua sokoni ataingiza nani, kwa kibali kilichotolewa wapi? Akikosa jibu, mnyimeni kelele. Hicho ndicho chakula chake.

Mama mboga, wewe unayesubiri lori la vitunguu: nchi za Jumuiya zina utaratibu rahisi kwa mzigo mdogo uliotoka ndani ya Jumuiya, usiozidi thamani ya dola 2,000, cheti chake cha asili kinatolewa pale pale mpakani. Jifunzeni. Nendeni Namanga watano kwa pamoja, mlete wenu. Ndugu wa Luthuli na Nyamakima, unganeni mnunue kontena zima kutoka kiwandani badala ya kila mtu kununua robo kwa dalali. Mchina aliwashinda kwa wingi wa mzigo, na wingi unaweza kuchangwa.

Na Muswada wa Fedha hufika Bungeni kila mwaka kufikia 30 Aprili. Kamati huita maoni ya wananchi. Ndani ya karatasi zile ndimo ushuru wa yai, wa chuma na wa saruji hutungwa, na wenye viwanda vikubwa hupeleka mawakili wao mapema. Chumba cha kamati huwa na viti vitupu upande wa wachuuzi. Andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili chenu: unauza nini, unainunua bei gani, unalipa nini mpakani, na jengo ulimo linakutoza gudwili kiasi gani. Utieni sahihi, mwenye Nyamakima na Mganda wa kibanda cha jirani pamoja, kisha upelekeni Parliament Road kwa miguu yenu, mkaketi kwenye viti vile hadi mwitwe.